Havijaisha

Mara mbili kwa mwaka Arwa hushuka kutoka milima ya Ibb
hadi chumba cha Msalaba Mwekundu mjini Sanaa,
mfukoni kahawa ambayo haitapokelewa,
kichwani maswali yatakayokatwa.
Skrini inawaka. Baba yake, Muthanna,
anatokea amekaa mbele ya ukuta mweupe
ambao unaweza kuwa popote duniani.

Walimkamata mpakani akiuza betri za redio.
Au akibeba bunduki.
Inategemea ni ukurasa gani haukupakwa wino mweusi.
Arwa alikuwa tumboni, mwezi wa sita.
Sasa anasoma sheria Taizi, mwaka wa tatu,
na amepiga mstari mwekundu chini ya kifungu:
*mateka wa vita ataachiliwa vita vikiisha.*

Akawaandikia. Wakajibu kwa adabu:
huyu si mateka wa vita.
Basi ni mhalifu, mpelekeni kwa hakimu.
Hapana, hatujamshtaki.
Basi ni raia, mrudisheni.
Hapana, vita havijaisha.

Vita vipi? Jenerali aliyevianza amestaafu, anafuga nyuki.
Adui aliyetajwa kwenye waraka amebadili jina mara tatu,
na mara moja alialikwa mezani, akanywa chai.
Mlinzi anayempa Muthanna sabuni leo
alizaliwa mwaka ule ule wa pingu.

Katika lugha ninayoandikia ipo silabi moja, *ja*.
Haisemi ndiyo wala la. Inasema ngoja.
Nimeitumia kwa maji ambayo hayajachemka,
kwa deni ambalo sijalipa,
kwa mgeni ambaye hajafika.
Sikujua inaweza kumfungia mtu ndani
miaka ishirini na moja,
bila tofali, bila hukumu,
ufunguo wake ukiwa kwa yule yule anayeitamka.

Sisemi Muthanna hana hatia. Sijui.
Arwa naye hajui, na hilo ndilo linalomla.
Shahidi mmoja amekufa, mwingine hakuwahi kuwa na jina.
Usiku hostelini huandika barua asizozituma:
*Mshtakini baba yangu.*
*Nisomeeni kosa lake kwa sauti*
*nijue namlilia vipi.*

Leo wamepewa dakika arobaini.
Zimeliwa na salamu, na mbuzi, na meno ya bibi,
na kikohozi anachosema si kitu.
Kisha anauliza, kama kila mara,
kuhusu ukuta wa shamba la juu, ule wa mawe,
uliobomoka mvua za mwaka aliotoweka:
mmeshaujenga?

Mjomba aliujenga zamani. Mtama umevunwa juu yake
misimu kumi na mitano.

Arwa anamtazama mikono,
mikono ya mtu anayejua jiwe gani linakaa wapi.

Hatujaujenga, baba, anasema.

Vizuri, anasema Muthanna. Msiuguse.
Na picha inakwama hapo, mdomo wazi,
kabla karani hajaja kuzima.