Daftari la Ghala

Naryn, mwezi wa kumi na moja. Mto umeanza kuganda kandokando,
nami Burulkan, mtunza ghala,
nimekata vidole vya glavu ili niweze kushika kalamu.

Makaa ya mawe: tani tisa. Yanatakiwa kumi na nne.
Unga: magunia sita, moja panya ameshalionja kabla yetu.
Watoto: thelathini na mmoja.
Mabuti ya baridi: jozi ishirini na sita.
Hesabu hii haihitaji mwalimu.
Watano hungoja mlangoni wa zamu ya asubuhi warudi shule,
wavae viatu vingali na joto la miguu ya wenzao.
Begayim husema hivyo ndivyo vitamu,
vimeshafundishwa njia.

Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Kibaba ninacho.
Haba ndiyo niitafutayo.

Jana lilifika sanduku kutoka ng'ambo,
limefungwa kwa upendo na gundi nyingi.
Ndani: miwani ya kuogelea, arobaini.
Huku juu milimani, bahari tunaiona kwenye ramani tu.
Niiandike safu gani? Mavazi? Dawa?
Adilet akavaa mmoja, akaenda kuchota makaa,
akarudi uso mweusi tii, macho meupe kama mayai.
"Inafaa," akasema.
Nikaandika: vifaa vya kazi.

Wanaojitolea huja Julai, nyasi zikiwa ndefu.
Mwaka huu walikuwa wanane.
Walipaka ukuta rangi ya chungwa, wakafundisha mchezo wa makofi,
wakalia siku ya kuaga; sisemi uongo, walilia kweli.
Ukuta ungali wa chungwa.
Meerim alikaa dirishani hadi Septemba.
Kama una wiki mbili tu, rafiki, nakuomba kwa heshima:
njoo uzibe paa.
Paa halimkumbuki mtu.

Na kila Jumanne huja Seyitkazy,
dereva wa trekta aliyestaafu, mwaka wa kumi na moja sasa,
kutoa hewa kwenye mabomba ya joto.
Chai hagusi mpaka bomba la mwisho liteme maji.
Daftari la wageni hataki kutia sahihi. "Mgeni nani?"
Watoto hawamkimbilii.
Wanamjua kama wanavyoijua ngazi gizani:
ukishusha mguu, ipo.

Usiku, fomu ya wafadhili. Kurasa kumi na saba.
*Taja mafanikio yanayopimika.*
Niliwaza mpaka umeme ukakatika, ukarudi.
Nikaandika: Temirlan, miaka sita, alipofika
alificha vipande vitatu vya mkate chini ya mto wake.
Machi, viwili.
Leo nimekuta kimoja, kikavu, kina ukungu.
Amekisahau.
Gharama ya kusahau huko, angalieni kiambatisho:
makaa, unga, sabuni,
na walezi watatu wenye miezi minne bila mshahara
ambao bado huamka mtoto akikohoa.

*Je, mradi utajiendesha wenyewe ufadhili ukiisha?*
Nikaandika: Watoto hawajiendeshi. Hukua.
Nikafuta.
Nikaandika: Tunatarajia hivyo.
Pesa ina lugha yake, nami nina tani tano za kutafuta.

Sasa wamelala.
Mabuti yamepangwa kando ya jiko, ndimi nje, yakauke.
Nimevua yangu, nikayaweka mwisho wa safu.
Yatampwaya Begayim, lakini soksi kuukuu zipo za kujazia,
na kesho sitoki, nina kurasa tisa zimebaki.

Nimefungua tena daftari, nimekata ile namba kwa mstari mmoja,
nimeandika juu yake
ishirini na saba.