Kamba ya Matuta

Shamba la Usoke lilikuwa na mistari ya aina mbili.

Ya babu Mihambo ilinyooka kama reli:
vigingi viwili vya mtundu, kamba ya katani,
hatua, jembe, hatua, jicho moja limefumbwa
kana kwamba analenga swala.
Tumbaku haitaki mzaha, alisema,
na chama cha msingi hakitaki mzaha zaidi.

Ya bibi Nyamizi ilikwenda ilikotaka.
Tuta likikuta kichuguu, lilizunguka.
Likikuta kisiki cha mninga, lilipiga hodi, likapita pembeni.
"Kiazi hakina macho," alimjibu mumewe,
"kitajuaje kama kimelala upogo?"

Miaka arobaini waligombana hivyo,
huyu na kamba yake, huyu na mapindo yake,
nasi wajukuu tukala pande zote mbili:
ada ya shule kutoka mstari ulionyooka,
matobolwa na karanga kutoka ule uliopinda.

Naukumbuka usiku mmoja wa Machi, kwenye bani.
Moto haukuruhusiwa kulala, kwa hiyo hakulala mtu.
Babu alisoma kipimajoto kwa tochi ya betri mbili,
akaandika namba kwenye daftari
lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada.
Treni ya Kigoma ikapiga honi mbali huko.
"Imechelewa tena," bibi akasema,
kama mama wa kijana mlevi.
Akafukua jivu, akatoa kiazi,
akakipuliza, akakivunja, akanipa nusu kubwa.
Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani.
Kiazi kilikuwa kitamu, ila upande alioushika
kilikuwa chungu.
Nilikula na uchungu wenyewe.

Soko lilipofunguliwa, mteuzi alinusa robota,
akakunja pua, akaandika daraja kwa chaki.
Msimu wa kilimo chote kile, herufi moja na tarakimu moja.
Babu akarudi na kanga nyekundu
na deni.
Kanga ilichakaa, ikawa nepi, ikawa dekio.

Kisha moshi nao ukaja kudai chake.
Jicho la kushoto likaanza kuota ukungu,
la kulia likalifuata, kama ng'ombe wa jembe.
Alikuwa anauliza saa ngapi
huku jua limemkalia usoni.

Bibi akapanda darini, akashuka na ile kamba.
Akaifunga mwimo wa mlango,
kutoka mlangoni hadi mpapai wa chooni,
kutoka mpapai hadi kwenye tuta la kwanza la viazi.
Haikunyooka. Ilizunguka kichuguu.
Asubuhi ya kwanza babu aliishika kwa vidole viwili,
akaenda nayo, akapinda ilipopinda,
na katikati ya njia akasimama, akacheka peke yake.
"Nyamizi! Umenipitisha upogo!"
Sauti ikatoka jikoni, pamoja na moshi:
"Kiazi hakina macho."

Jana tumekuja kutoka Tabora mjini,
mimi, wajomba wawili, na mtu wa ardhi
mwenye kifaa kinachozungumza na setilaiti.
Nyasi zinafika kiunoni.
Bani limebaki ukuta mmoja, na nyigu.
Mlango wa nyumba umeibwa, mwimo umeachwa,
una mkato mwembamba, laini,
mahali ambapo kamba ilisugua miaka sita.
Nimeutia kucha. Imeingia.

Mtu wa ardhi anatembea, anajikwaa,
anatukana kwa sauti ya chini, anajikwaa tena.
"Huku chini kuna nini?"
Mjomba Lushinge anasema, "Hakuna kitu, twende."

Mimi nimevua viatu.
Ninapanda, ninashuka, ninapanda, ninashuka,
nyasi zinanikwangua mapaja, sioni ninapokanyaga,
mara mguu wa kushoto unageuka wenyewe.

Kichuguu.