Ukaguzi wa Namba 41B

Hamilton, Ontario. Machi, na theluji imegeuka tope.
Nimekuja na ngazi, tochi, kipima unyevu,
na gololi moja ya kijani mfukoni.
Hiyo chuoni hawakunifundisha:
ni ya marehemu baba, mwashi wa Kilosa,
aliyeiamini kuliko mhandisi yeyote.

Nyumba ina miezi minne.
Nyembamba, nyeusi, ndefu, imejipenyeza
kati ya matofali mekundu ya miaka mia
kama kijana wa suti aliyewahi kiti
kwenye benchi la wafiwa.
Mgeni siku mbili, tunasema.
Huyu kaja kukaa siku elfu thelathini,
na jembe hana.

"Unaionaje?" ananiuliza Mwanakombo,
hata buti sijavua.
Mumewe Teofili anagonga kuta kwa kidole,
anagonga na kusikiliza,
mtu anayechagua tikiti maji.
Miaka tisa wameweka akiba:
mke, zamu za usiku hospitalini,
mume, lori, Winnipeg na kurudi.

Naanzia juu.
Paa: zima.
Dari: jeupe, daftari la siku ya kwanza ya shule.
Mlango wa chumba cha watoto unajifunga wenyewe,
taratibu, kama mtu anayeondoka bila kuaga.
Naandika: bawaba.
Jikoni kunanuka gundi na rangi;
hakuna aliyewahi kuunguza wali hapa,
na hilo pia ni kasoro,
ila halina mahali pa kuandikwa.

Bafuni natua gololi juu ya vigae.
Inasita.
Inawaza.
Kisha inakwenda zake upande wa mashariki
mpaka ukutani, tik.
Teofili ananitazama kama nimetoa hirizi.
"Milimita sita," namwambia. "Si neno."

Chini, msingi mkavu.
Nabandika kipimo kona hii, kona ile:
mkavu, mkavu, mkavu kama biskuti.

Ndipo nikatoka nje
kwenye uchochoro usiotosha mabega mawili,
nikapita ubavu-ubavu,
nikaona bomba la mvua linakoishia,
nikaona ardhi ilivyosukwa, inashuka vizuri,
inashuka kwa ustadi,
kuelekea kwa mwenzake.

Jirani alikuwa barazani, kofia ya sufu, ndoo mkononi.
Bi Halyna. Hakunisalimu.
"Wewe ndiye mwenye mashine ya kupima maji?
Njoo upime."
Sikulipwa kwa nyumba yake. Nikaenda.
Chini kule, kwenye nguzo, penseli imechora urefu wa watoto:
Oksana, miaka saba. Danylo, miaka mitano.
Danylo tena, miwili.
Unyevu umepanda ukutani mpaka hapo, kwa Danylo wa miaka miwili.
"Miaka arobaini na mitatu," akasema,
"nilikuwa naweka viazi humu."

Fomu yangu ina kurasa ishirini na sita.
Inauliza nyaya, inauliza vioo, inauliza kengele ya moshi.
*Msingi wa jengo husika:* mkavu.
Ni kweli. Ningeapa mahakamani.
Kisanduku cha jirani hakuna.

Nikawaambia wote wawili, pale pale ngazini.
Teofili akafikiri.
"Lakini kwetu pakavu?"
"Kwenu pakavu."
"Basi?"
Mwanakombo hakumjibu mumewe, wala mimi.
Alitoka, akajipenyeza uchochoroni na koti lake jeupe,
akakinga kiganja chini ya bomba lile
na kusubiri hadi kikajaa.
"Kulihamisha ni bei gani?" akauliza kutoka kule.
Sikujua. Nilikadiria.
Teofili akaitaja bei ile mara mbili, kwa sauti ndogo,
kama jina la mtu anayemdai.

Nikaandika pambizoni, kwa mkono, nje ya mistari.
Wakinunua, wasiponunua, si kazi yangu.

Nimefika taa za tatu ndipo nakumbuka:
gololi ya baba nimeiacha bafuni,
imeegemea ukuta
wa upande wa Halyna.