Sentimita Nne

Kipande hiki kinachozuia mlango wangu usibamizwe na upepo
nilikiokota Chumbageni, ghala la katani,
pale sakafu mpya ilipounganishwa na ya zamani,
asubuhi ile foklifti ilipozama gurudumu moja
na dereva, Mbelwa, akabaki ananing'inia kama shati la kuanikwa.

Kishike. Kipindue.
Huo mfereji tumboni mwake ni kitanda cha nondo.
Mbavu zake bado zimechapwa humo, moja moja,
kama alama za mkeka shavuni pa aliyeamka sasa hivi.

Watu walikuja na lawama tayari mkononi.
"Nondo feki," akasema mwenye ghala.
"Nyembamba hizo," akadakia mlinzi.
Tukazitazama: safu nzima, ishirini na mbili,
zimeinama kidogo kuelekea upande wa mzigo
kama watu waliochelewa rukuu.
Hakuna iliyokatika.

Zege ndilo lililoachia.

Wahenga walituonya tuzibe ufa;
hawakutuambia ufa huzaliwa wapi.
Mimi nimepaona: mbele ya chuma,
pale kinapoegemea,
pale tani mbili za marobota zinapoomba
nafasi ya upana wa kidole.
Chuma kinasukuma. Zege linasagika kwanza, unga, kimya,
kisha linatafuta ukingo ulio karibu
na kuuendea mshazari, kushoto na kulia,
mpaka kitoke kipande kipana mbele, chembamba nyuma.
Hiki.

Zawena wa maabara alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu:
toboeni sentimita kumi na mbili kutoka ukingoni.
Vipande vyake vya majaribio alivisukuma kwa jeki
vikiwa na siku saba, kumi na nne, ishirini na nane,
akiutegea sikio ule mlio mdogo wa mwanzo
kama mtu anayetikisa nazi kabla ya kulipa.

Penye kumi na mbili palikuwa na bomba la maji.
Bosi Kihiyo alikuwa na safari ya Korogwe.
Drili ilikuwa ya kukodi, kwa saa.

Nilitoboa nne.

Mimi. Si kokoto za Amboni, si chumvi ya mchanga.
Kwenye ripoti wameandika "ukingo haukutosha",
sentensi isiyo na mtu ndani.
Mbelwa anatembea, ila ngazi
anazipanda kwa mguu uleule kila hatua.

Nimekipima mara nyingi, kwa futi kamba ileile,
kutoka mferejini hadi ukingoni.
Hakijawahi kusema tano.