Ngeli ya Ndege

Duqm, saa kumi na moja alfajiri.
Natia sahihi karatasi ya mayai:
trei elfu mbili na mia, vitunguu tani nne,
malimau ambayo nadhani hakuna aliyeyaagiza
ila yamo orodhani, nami nimeyaacha.
Mteja hana jina. Imeandikwa tu: chombo.

Chombo kiko nje kule, hakiingii gatini.
Kwa mbali ni kama mtu ameupiga mlima randa
akausahau majini.

"Meli ya kubeba ndege," nilimwambia mama.
"Kama wana ndege, mayai wanayanunua ya nini?"

Azzan wangu, darasa la sita,
ana daftari zima la manowari. Zake hazijui maji:
zinapita nyuma ya Zohali,
sitaha juu, sitaha chini, kwani huko, anasema,
hakuna juu.
"Mbona umezichorea nanga?"
Akafikiri. "Ili zikumbuke."

Maswali mabaya zaidi huyaweka mpaka tukae kula.
Kiswahili kakipata kwa bibi yake Zuweina,
mzaliwa wa Wete, anayemsahihisha kila mtu
hata msomaji wa habari:
ndege mwenye roho anaruka,
ndege ya chuma inaruka. Basi.
"Na ile isiyo na rubani, bibi?
Inayojifikiria yenyewe, inayochagua pa kupiga?
Inaruka, au anaruka?"

Bibi akaweka kijiko chini.
Miaka yote hii sijapata kumwona
akikwama kwenye ngeli.

Jioni tishari likarudi na taka zao.
Hizo nazo natilia sahihi.
Gunia moja lilipasuka: makopo, soksi,
magamba ya mayai yangu,
na mishumaa miwili ya keki,
mmoja umbo la moja, mwingine umbo la tisa,
imeungua nusu.
Kumi na tisa.
Nilitazama kushoto na kulia kama mwizi,
nikaitia mfukoni.

Usiku mngurumo ukapita juu ya paa,
vikombe vikagongana kabatini,
mbwa wa jirani akanyamaza ghafla.
Azzan akaketi kitandani, akihesabu kwa vidole.

"Anaruka," akasema mama gizani,
na hakuna aliyemuuliza ni nani.
Baibui langu lilikuwa msumarini, nyuma ya mlango.
Lilikuwa linanuka sukari.