Shada la Mlango wa Bibi Astelia

Mlango ulikuwa wa mninga,
mzito kama mtu aliyekataa kuamshwa.
Watu wa barabara walikuja na ndoo ya rangi,
wakachora X nyekundu, wakahesabu hatua,
wakasema hapa itapita lami.
Lami ni kheri. Sisi wa Newala tumekula vumbi
hadi tukajua ladha ya kila kona ya kwenda Tandahimba.

Greda lilikuja Jumanne. Hadi saa nne lilishamaliza.

Nikaokoa nusu ya mlango, fremu ya dirisha,
mguu mmoja wa kitanda
na kiti cha mbuzi ya nazi kisicho na meno.
"Kuni hizo," akasema kaka Hilari. "Kavu kabisa.
Zitaivisha ubwabwa wa sikukuu na chenji itabaki."

Nikaazima msumeno kwa fundi Chinguile.
Akanionya: mninga wa zamani huficha misumari.
Kweli. Kipande cha tatu, chuma kikalia.
Nikaung'oa kwa koleo, msumari wa pembe nne,
na aliyeupigilia
hakuniwaza hata kidogo.

Nilikata vipande vya urefu wa kiganja.
Randa sikupitisha.
Niliacha moshi, niliacha kovu la kitasa,
niliacha mistari ya kimo aliyotuchora bibi kwa kisu:
Hilari juu, mimi chini yake, kila mwaka mimi chini yake.
Nikavifunga kwa waya wa nondo kwenye rimu ya baiskeli,
kimoja kimeegemea kingine
kama waumini wa benchi la nyuma, mahubiri yakirefuka.
Msonobari sina. Nikachomeka majani ya mkorosho
na bibo moja lililosinyaa kwa jua.
Wekundu nilikuwa nao tayari:
ile X, sasa vipande tisa,
imetawanyika hata mchoraji wake asingeisoma.

Usiku wa kuamkia Krismasi nikalitundika
kwenye mlango wa chumba cha kupanga.
Mvua ndiyo kwanza imekatika, bati linadondosha.
Bi Somoe, jirani, akasimama na ndoo yake.
"Pole, mwanangu. Nani tena katutoka?"

Maana kwetu shada hulala juu ya kaburi.

Nikaanza kucheka, kicheko kikakwama.
Hakuna, Bi Somoe. Ni sikukuu tu.
"Haya," akasema, lakini hakuondoka.
Akatua ndoo. Akapapasa ile mistari ya kisu.
"Si mlango wa Astelia huu?
Nilikuwa nikiugonga hivi,
nikija kuomba chumvi."
Akagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole,
juu ya mninga, taratibu,
"Hodi hapa."

Na ndani Leopodi wangu, asiyejua lolote,
mdomo umejaa andazi,
akaitika:
"Karibu! Sukuma tu, uko wazi."