Mguu wa Nyuma

Saa mbili asubuhi, Pasua, mlima haujavua blanketi,
mzee Kaanaeli anaileta Hiace yake karakanani
kama anayepeleka mtoto kliniki:
mwendo wa pole, kioo chini, mkono nje,
anasalimia hata mbuzi.

Ndani ameshaweka kitanda cha mbao za msonobari,
jiko la gesi la plati moja, ndoo yenye koki,
na pazia alilolikata kwenye kanga ya mkewe bila ruhusa.
"Bado kivuli," anasema.
"Nataka kivuli kinachokunjika."

Mimi ni fundi turubai.
Nimeshona viti vya pikipiki, mahema ya misiba,
mifuniko ya malori ya mahindi.
Gari sijawahi kulishonea kope.

Tunapima. Mita mbili na nusu kwa mbili.
Tunapima tena, maana tepu yangu imekatika ncha
na hesabu zangu zote za maisha
zinaanzia sentimita ya tatu.

Elirehema anashika drili.
Mzee anafumba macho.
Miaka thelathini na mmoja alisimamia mizani ya miwa
asitishwe na tani wala na meneja,
leo sindano ya chuma inaingia kwenye bati
na anayekunja uso ni yeye.

Tundu la kwanza tulilitoboa upande wa dereva.
Mlango uko upande wa pili.
Nani angeota kivuli katikati ya barabara?
Tuliziba. Tukapaka rangi nyeupe kwa kidole.
Elirehema akaniangalia, nikaangalia nyaya za umeme.
Mzee alikuwa bado amefumba macho.
Hajui.
Au anajua.

Upande wa mlango, sasa, matundu sita:
silikoni, washa ya mpira, bolti, silikoni tena.
"Mvua haitafuti mlango," namwambia kijana,
"inatafuta uzembe."
Reli ikakaa. Bomba la alumini likaingia likilalamika.
Tukavuta turubai, la kijani, rangi ya mgomba uliooshwa,
likatoka taratibu, likasita nusu njia,
likatoka lote.

Miguu miwili chini. Kamba. Vigingi.
Na ghafla uwanjani kwangu, kati ya rimu zilizopinda
na injini ya mtu aliyehamia Babati,
pakawa na baraza.

Mvua hakuna. Elirehema akapanda ngazi na ndoo,
akamwaga.
Turubai likaota kitambi.
Kitambi kikashuka, kikashuka, mishono yangu ikalia kidogo,
mzee akakamata kifua.
"Mguu wa nyuma! Ushushe!"
Nikalegeza skrubu, mguu ukazama vidole vinne,
maji yakakimbilia kona moja
yakaangukia viatu vyake vya kanisani.
Akacheka mpaka akakohoa.

Hapo ndipo mama Aikande alipotokea, anatoka Mbuyuni,
kapu mkononi, njegere juu, hasira chini.
Mtaa mzima unajua alichoapa:
halali kwenye gari
kama mzigo uliokosa mwenyewe.
Akaizunguka Hiace. Akabonyeza tairi kwa kidole cha mguu.
Akachungulia ndani, akakaa kimya kwa muda mrefu,
akasema, "Ile si kanga yangu?"

Hakuna aliyejibu. Jua lilikuwa limeshika utosi.
Akavuta ndoo tupu ya rangi, akaipindua,
akakaa chini ya turubai, akaanza kumenya njegere.
"Ndani utalala mwenyewe," alimwambia.
Kisha, bila kuinua macho:
"Huo mguu ushusheni kidogo tena.
Kuna tone linanipata shingoni."

Mzee alipiga magoti mwenyewe na spana namba kumi.

Jioni niliandika risiti:
turubai moja, bomba moja, bolti sita, silikoni, ufundi.
Alipokea, akasoma mpaka chini, akalipa.
Halafu akapita upande wa dereva,
akapitisha kidole juu ya rangi mbichi,
akakiangalia cheupe, akakifutia kwenye suruali,
akawasha gari.